Albatrosi wa Galápagos ni ndege gani?

Albatrosi ni ndege wakubwa wa baharini, na wengi wao hupenda maji baridi ya kusini mwa dunia. Albatrosi wa Galápagos (Phoebastria irrorata) ndiye pekee ambaye karibu maisha yake yote huyaishi katika ukanda wa tropiki. Anayaweza hayo kwa sababu ya mkondo wa Humboldt, maji baridi yanayopita pwani ya Peru na kuleta samaki na ngisi tele. Mabawa yake yakikunjuliwa huzidi mita 2.

Karibu wote huzaliana katika kisiwa kimoja tu, Española, kimojawapo cha visiwa vya Galápagos nchini Ekuador. Jozi chache mno hutaga Isla de la Plata, karibu na bara. Jike hutaga yai moja, chini kabisa, bila kiota. Cha ajabu, mzazi anayelilalia hulivingirisha huku na huku katikati ya miguu yake, na mayai mengine hunasa kwenye mawe yakapotea. Kinda akianguliwa, baada ya miezi miwili hivi, wazazi hupokezana kwenda baharini hadi Peru kumtafutia chakula.

Hesabu ya kuendelea kuwapo kwa ndege huyu ni hii. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, lakini huchukua miaka kadhaa kabla ya kutaga, tena yai moja kwa msimu. Mayai yakiharibika mwaka wa El Niño, yaani bahari inapopata joto kuliko kawaida, bado kuna misimu mingine. Mzazi mmoja akifa, kinda hufa njaa, na mayai yote ambayo angetaga maishani yamepotea.

Española iko ndani ya hifadhi ya taifa, na mbuzi walioharibu uoto wake waliondolewa wote kufikia 1978. Vifo vinavyotisha zaidi hutokea baharini: ndege hufuata chambo wakanasa kwenye ndoana, huzama na nyavu za jarife, na wengine hukamatwa makusudi ili waliwe. Tangu 2007 spishi hii imeorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ekuador na Peru zimo katika mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi albatrosi na petreli (ndege wa baharini walio jamaa zao), ulioanza kutumika 2004. Ni jambo jema, lakini kwa maoni yangu kazi yenyewe iko kwenye mashua ndogo za wavuvi: kutega usiku, kuongeza uzito kwenye mishipi ili chambo kizame upesi, na kumwachia akiwa hai ndege aliyenasa.