Mchanga wa Kunduchi ulikwenda wapi?

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam habari za Kunduchi, pwani ya kaskazini mwa jiji, atakuambia ufukwe uliliwa na bahari, na maelezo yataishia hapo. Watu wazima bado wanaikumbuka Hoteli ya Africana, ilivyokuwa na jina kabla maji hayajaifikia. Lakini bahari haili pwani ovyo. Inafuata hesabu ya mchanga: unaoingia na unaotoka. Mengi tunayoamini kuhusu fukwe yanaikwepa hesabu hiyo.

"Bahari imepanda, ndiyo maana ufukwe umekwisha."

Kupanda imepanda. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani uliongezeka kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inazidi. Ila hilo peke yake halitoshi kueleza kwa nini Kunduchi ilimomonyoka wakati Malindi, kwenye bahari hiyohiyo, ufukwe ulikuwa unapanuka. Malindi inalishwa na mto Sabaki, unaoshusha udongo na mchanga kutoka bara ya Kenya. Kaskazi ikivuma, maji yale mekundu ya mto yanasukumwa kusini hadi kwenye ghuba ya mji. Kusi ikiingia, yanaelekea Mambrui, ambako upepo umelimbikiza vilima vya mchanga. Yako majengo Malindi yaliyokuwa karibu na maji na sasa yameachwa nyuma.

"Mchanga wa mtoni ni wa mtoni, hauhusiani na bahari."

Chota mchanga wa Kunduchi uutazame juani: chembe nyingi ni ngumu, zinang'aa kama vioo. Hizo zimetoka bara, zimeshushwa na vijito kama Mbezi na Tegeta. Sasa chukua ule mweupe wa mashariki ya Unguja, udondoshee siki. Utatoa povu, kwa sababu ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe na mwani mgumu. Sehemu ya mchanga huo imepita tumboni mwa pono, samaki anayeguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu na kutoa mchanga mlaini.

Kwa hiyo kila lori lililopakia mchanga kwenye vijito vile kwa ajili ya matofali na zege lilipunguza chakula cha ufukwe wa Kunduchi. Na kila baruti iliyolipuliwa majini na wavuvi haramu ilivunja mwamba unaopunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Mtu anayechimba mchanga kilomita kadhaa kutoka baharini haoni ubaya wake, na aliyebomokewa nyumba hamjui.

"Tukijenga ukuta, ufukwe utapona."

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inaaminiwa na watu wenye pesa za kuitekeleza. Ukuta unalinda kilicho nyuma yake. Barabara ya Barack Obama pale mjini, ambayo zamani ilikuwa Ocean Road, ilihitaji ukuta, na sioni cha kubisha. Lakini ufukwe uko mbele ya ukuta, na ukuta hauulindi. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko, nguvu zake huishia mchangani. Likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi na nguvu nyingi na kuchimba chini ya msingi. Ufukwe hushuka mwaka hadi mwaka, mpaka maji yakijaa hakuna pa kukanyaga.

Zile kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, ambazo hoteli kadhaa za Kunduchi zilizijenga, zina tatizo jingine. Wakati wa Kusi mawimbi hufika yakiwa yameinama, yakausogeza mchanga kuelekea kaskazini. Ukuta unaukamata: upande wake wa kusini unajaa, mwenye nyumba anafurahi. Jirani wa kaskazini hapati mgawo wake na anaanza kuliwa. Naye atajenga wake, na balaa litahamia kwa anayefuata.

"Ufukwe safi hauna mwani."

Plastiki iondolewe, tena haraka. Lakini majani ya baharini yanayotupwa na maji yanashika mchanga na kupunguza makali ya mawimbi. Kuyafagia kila asubuhi ili wageni wapige picha ni kuondoa kinga, pamoja na mchanga ulionasa humo.

"Kisiwa hakihami wala hakipotei."

Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kasa bado wanarudi kutaga, na watu huyahamisha mayai hadi nchi kavu, la sivyo yatafunikwa na maji.

"Ufukwe ni ardhi tupu inayosubiri kuendelezwa."

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ufukwe husinyaa na kujaa kadiri pepo zinavyobadilika. Kile kinachoonekana kiwanja wazi msimu mmoja, msimu mwingine ni akiba ambayo mawimbi yanaichukua na baadaye kuirudisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ukiuziwa kiwanja cha pwani, pima mita hizo kuanzia alama ya maji ya bamvua, si pale maji yalipo siku uliyoletwa kukiona.