Damu inayorudi ghafla baada ya upasuaji wa uzazi si "uchafu"

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: mama aliyejifungua kwa upasuaji akitokwa na damu nyingi wiki kadhaa baadaye, aachwe, ni "uchafu" unatoka, akandwe tumbo kwa maji ya moto, itakata.

Si kweli. Damu ya uzazi hupungua siku hadi siku, rangi ikififia, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 6. Ikiwa ilishapungua kisha ikarudi nyekundu, pedi ikalowa chepechepe ndani ya saa moja au mabonge yakatoka, hiyo ni dharura. Huenda kipande cha kondo kimebaki, au kuna maambukizi. Mara chache, mshipa uliojeruhiwa kwenye mji wa mimba huvimba kama kifuko, au ateri na vena huungana pasipostahili.

Hayo huonekana kwa ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Kukimbilia kusafisha kizazi kabla ya kupima ni hatari: mshipa wa namna hiyo ukikwanguliwa, damu hufurika. Mingine hufuatiliwa tu hadi ijifunge. Mingine huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kutoa kizazi si lazima kila mara.

Mkanganyiko unaeleweka, maana damu kiasi baada ya kujifungua ni kawaida kweli, na bibi zetu walizoea kukanda. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwulize mzazi aliye karibu nawe: leo umebadilisha pedi ngapi?