Gari kukosa sailensa baada ya kutengeneza breki: si upepo kwenye mafuta ya breki

Umebadilisha pedi au masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) mwenyewe, na sasa gari halina sailensa, yaani mngurumo tulivu wa injini usipokanyaga mafuta: injini inatetemeka au inazima ukisimama kwenye taa. Wengi husema breki zina upepo, wakaanza kuutoa upya. Upepo huo hulainisha pedali tu; mafuta ya breki hayafiki kwenye injini.

Kinachounganisha mifumo hii miwili kwenye magari mengi ya petroli ni mpira mnene wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaotoka manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hadi kwenye busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto huo kurahisisha kukanyaga pedali. Ukiuchomoa ili upate nafasi ya spana, ukapasuka au usikae vizuri, injini huvuta hewa isiyopimwa na mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu. Masta silinda nayo, kwenye magari mengi, ina oringi (pete ya mpira) inayoziba busta. Ukiisahau, hewa inapita hapo.

Gari likiwa limesimama, gia huru na handibreki juu, bana mpira huo kwa koleo lililofungwa kitambaa, karibu na manifoldi. Sailensa ikitulia, hewa inaingilia mbele ya hapo: mpira, valvu ya njia moja, oringi au busta yenyewe. Ukisikia "ssss" isiyokoma kwenye pedali, shuku daiframu (utando ulio ndani ya busta) imechanika. Usiendeshe ukiwa umeubana, pedali itakuwa ngumu mno.

Mpira mzima? Kama ulichomoa betri, kompyuta huenda imesahau sailensa. Iache injini ingurume bila mzigo dakika 10 hivi.