Mkojo kuziba kwa paka dume ni nini?

Paka dume anaingia kwenye beseni la mchanga, anachutama, anajikamua, anatoka bila kuacha kitu. Dakika tano baadaye anarudi. Wengi wakimwona hivyo husema amefunga choo, wanamnywesha mafuta ya kula na kungoja kesho. Mara nyingi choo kikubwa hakina tatizo lolote. Kilichokwama ni mkojo, na paka huyu hana muda wa kungoja kesho.

Kuziba mkojo maana yake figo zinaendelea kutengeneza mkojo na kibofu kinaendelea kujaa, ilhali mrija wa kuutoa nje umefungwa. Ni ugonjwa wa madume karibu peke yao, kwa sababu ya maumbile. Mrija wa jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, na ukifika kwenye uume hupungua hadi upana wa milimita 1 hivi. Punje kama ya mchanga yatosha kuufunga.

Kinachoziba hakifanani kwa kila paka. Mara nyingi ni kizibo laini cha ute uliochanganyika na fuwele za struviti, ambazo ni madini ya magnesiamu, amonia na fosfeti yanayogandana mkojo ukiwa mzito na asidi yake ikiwa kidogo. Wengine huzibwa na jiwe. Na wapo ambao mrija hauna kitu ndani: kibofu na mrija vimevimba tu, misuli ikajibana. Hali hiyo huwapata sana paka wenye msongo, kwa mfano baada ya kuhama nyumba au kuletewa paka mgeni.

Mkojo ukikosa njia, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye figo nazo hushindwa kuchuja. Taka hubaki kwenye damu, ndipo paka anaacha kula, anatapika na kulegea. La hatari kuliko yote ni potasiamu, madini ambayo kwa kawaida hutolewa kwa mkojo. Ikipanda kwenye damu hupunguza mapigo ya moyo, na mwishowe moyo husimama. Kwa aliyeziba kabisa, sumu hizi huanza kumlemea ndani ya saa 24 hadi 48. Asipotibiwa, hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo paka aliyelia kwa maumivu jana na leo yuko kimya hajapata nafuu, amezidiwa.

Utamjuaje? Paka mzima hukojoa kama mara 2 hadi 4 kwa siku na huacha mchanga uliolowa. Kama wako hujisaidia nje, mfungie bafuni na beseni lenye kiasi kidogo cha mchanga mkavu, umwangalie kwa saa moja, si zaidi. Angalia kama analamba uume mfululizo, kama analia akichutama, kama anatoa matone ya damu. Ukipapasa tumbo karibu na miguu ya nyuma, kibofu kilichojaa huhisika kama limau gumu. Usikiminye hata kidogo, kinaweza kupasuka. Jike anayejikamua na kutoa matone naye anahitaji kutibiwa, ila kwake hatari ya kuziba ni ndogo sana.

Nyumbani hakuna tiba ya hili. Kumnywesha maji kwa nguvu huongeza mzigo kwenye kibofu kisicho na pa kutolea. Dafu, ambalo watu hulisifu kwa kusafisha mkojo, lina potasiamu nyingi, yaani kitu kile kile kinachomuua. Na parasetamoli usimpe paka yeyote kwa sababu yoyote: ini lake haliwezi kuivunja, damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, na hata nusu kidonge chaweza kuua. Diklofenaki na ibuprofeni huziumiza figo ambazo tayari ziko taabani.

Daktari wa mifugo huanza na moyo. Anapima potasiamu, anaweka dripu, na ikibidi anachoma kalsiamu glukoneti ili kuukinga moyo. Kisha paka analazwa kwa dawa ya usingizi, mrija unapitishwa katheta, yaani kimpira chembamba chenye tundu, na kusukumwa maji ya chumvi yaliyotakaswa hadi kizibo kirudi kibofuni. Katheta huachwa humo kwa kawaida siku 1 hadi 3. Uliza mapema kama kliniki ina katheta za paka, maana si zote huziweka.

Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za kuangaliwa sana, kwani kuziba tena ni jambo la kawaida. Lengo ni mkojo mwepesi. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyo kwenye chakula. Chakula kikavu cha dukani kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo karibu 75 au zaidi. Dagaa wakavu nao hawana maji, na mifupa yao imejaa madini. Ukimlisha dagaa, waloweke, wachemshe bila chumvi wala kitunguu, umpe pamoja na mchuzi wake, na wasiwe chakula chake cha kila siku. Weka mabakuli ya maji sehemu zaidi ya moja, mbali na beseni la mchanga. Anayeziba mara kwa mara licha ya haya yote hufanyiwa upasuaji wa kuondoa ile sehemu nyembamba ya mrija na kumfungulia tundu pana zaidi.