Intelijensia ya kijiografia ni nini?

Masika yakikaza Pangani, wa kwanza kuulizwa ni maji: yamefika wapi? Wingu limetanda, na picha ya kawaida ya setilaiti inakuonyesha weupe mtupu. Hapo inahitajika rada. Setilaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, haingoji jua wala mwanya wa mawingu. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo pembeni, hivyo shamba lililofurika hutokea jeusi. Nchi yenye maafa inaweza kupewa picha za namna hii bure, kupitia mkataba wa kimataifa wa anga na maafa ulioanza mwaka 2000.

Picha hiyo peke yake bado haijawa intelijensia. Inakuwa intelijensia ikishalazwa juu ya picha ya wiki iliyopita, kisha juu ya ramani ya nyumba, njia, miinuko na zahanati, mpaka mtu aweze kusema: kitongoji kile kimekatika, boti ipitie huku.

Mtego uko kwenye mikoko. Maji yakiingia chini yake, mawimbi hudunda majini, yakagonga shina, yakarudi kwa nguvu; pale panang'aa badala ya kuwa peusi. Mchambuzi asiyeijua pwani ataandika "pakavu". Mvuvi wa Bweni atacheka.

Kwenye ulinzi kazi ni ileile. Meli za tani 300 na zaidi zilizo katika safari za kimataifa hutakiwa kubeba AIS, kifaa kinachotangaza jina, mahali na mwendo. Rada ikiona chuma kwenye mkondo wa Pemba na hakuna tangazo lolote, basi kuna la kuuliza. Huenda kifaa ni kibovu tu, hilo nalo hutokea.

Dau la mbao ndilo linalosumbua: dogo, halirudishi mawimbi mengi, na AIS halina. Na baruti ya wavuvi haramu hulipuka na kwisha kwa sekunde, wakati setilaiti itapita tena baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo simu ya mvuvi wa jirani aliyesikia mlio, ikiandikwa saa na mahali, nayo huingia kwenye ramani, tena mara nyingi ndiyo ya kwanza kufika.