Je, wajua kwa nini mkataba wa duka Nairobi huwa wa miaka 5 na miezi 3?

Ukipata chumba cha biashara katikati ya Nairobi, mara nyingi wakili wa mwenye jengo atakuletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Ile miezi 3 ni ya nini? Usidhani umeongezwa kwa hisani. Hapo sheria inakwepwa.

Sheria yenyewe ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1965, iliyotungwa kuwakinga wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa wasifukuzwe ovyo wala kunyonywa. Kama hamkuandikiana, au mmeandikiana kwa muda usiozidi miaka 5, upangaji wenu unalindwa. Ukivuka miaka 5, hata kwa mwezi mmoja, mnabaki na yale mliyotia sahihi.

Sasa mtazame kinyozi wa mtaani. Alikabidhiwa ufunguo kwa maneno tu, kila tarehe 5 anatuma kodi kwa simu, karatasi hana. (Neno “duka” katika sheria hii linambeba pia anayetoa huduma kwa malipo, kwa hiyo naye yumo.) Wengi hudhani mtu kama huyu anaweza kuambiwa ahame Jumamosi, akahama. Sivyo. Lazima apewe notisi kwa fomu maalumu, ya miezi 2 au zaidi, yenye sababu inayokubaliwa na sheria: kwa mfano kodi imelala miezi 2, jengo linabomolewa, au mwenyewe anataka kulitumia. Hata kupandisha kodi kunataka notisi. Na kinyozi akipeleka pingamizi kwa wakati kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, notisi haina nguvu mpaka shauri liamuliwe.

Wenye majengo nao hujitega wenyewe. Mtu anaandika miaka 5 na miezi 3, kisha anachomeka kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi tu ndani ya ile miaka 5. Mkataba wa hivyo nao unalindwa na sheria, kwa hiyo amerudi palepale alipokuwa akipakimbia.

Serikali ikiwa upande mmoja wa mkataba, kinga hii haipo. Nyumba za kuishi zina sheria yake, Sura ya 296, ambayo bado inalinda tu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta chumba cha bei hiyo Nairobi leo!

Kinyozi wetu asifute zile jumbe za M-Pesa. Mbele ya baraza ataulizwa anaonyesha nini kwamba ni mpangaji.