Prosesa na mazabodi za bei nafuu kwa gemu: yanayosemwa na yaliyo kweli

“i7 ni i7 tu, i3 haiwezi kuifikia.”
i7 na i3 ni madaraja ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, na i7 ndiyo ya juu. Kauli hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu madukani kumejaa kompyuta zilizotumika maofisini na stika ya i7 imebandikwa mbele, ndiyo macho huiona kwanza. Lakini tazama namba zinazofuata. i7-2600 ni ya mwaka 2011, i3-12100F ni ya 2022. Zote zina kore 4 (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) na thredi 8 (kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja), ila kila kore ya hiyo i3 inamaliza kazi nyingi zaidi kwa muda uleule, na kwenye gemu inaiacha mbali i7 ya zamani. Windows 11 nayo haiitambui rasmi i7-2600. GHz, yaani kasi ya mapigo ya prosesa, pia zisikudanganye: Pentium 4 ya 2004 ilishafika 3.8 GHz, na hakuna gemu la leo utakaloliendesha nayo.

“Ikikaa kwenye soketi, itawaka.”
Soketi ni sehemu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ambapo prosesa inakaa. Ile ya AM4 imebeba vizazi vingi vya Ryzen, prosesa za AMD, ndiyo maana tunaipenda sisi wenye bajeti ndogo. Ryzen 5 5600 inakaa vizuri kabisa kwenye mazabodi ya B450. Shida ni kwamba kama mazabodi hiyo imelala dukani na BIOS (programu ya ndani ya kuiwasha kompyuta) ya zamani, haiijui prosesa yako. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Watu hurudisha prosesa nzima wakidhani imekufa! Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, tafuta orodha ya prosesa, soma toleo la BIOS linalohitajika, kisha muulize muuzaji lililopo ni lipi. Baadhi ya mazabodi zina kitufe nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa yoyote. Isipokuwepo, itabidi uazime Ryzen ya zamani au umpelekee fundi.

Kwa Intel, kufanana kwa soketi si dhamana. Prosesa za kizazi cha 8 zilipotoka 2017 zilikuwa na pini 1151 kama za kizazi cha 6 na cha 7, na bado mazabodi za vizazi hivyo zilizikataa.

“Mazabodi ghali huongeza fremu.”
Fremu, yaani picha ambazo gemu linaonyesha kwa sekunde, haiongezi. Unalipia matundu zaidi ya USB, nafasi zaidi za SSD, na saketi imara za kuilisha prosesa umeme. Ryzen 5 5600 ni ya wati 65. Mazabodi ya B550 ya kawaida inaitosha, na hela inayobaki ipeleke kwenye kadi ya grafiki. Kwa Intel, mazabodi ya H610 yenye nafasi mbili tu za RAM inaitosha i3-12100F, lakini usiinunue ukiwa na ndoto ya kuiwekea i9 baadaye. Hakikisha pia kama inapokea RAM ya DDR4 au ya DDR5, maana pengo la kwenye RAM hizo haliko sehemu moja na haziingiliani.

“Herufi ya mwisho ni urembo.”
Kijana wa jirani alinunua i3-12100F akisema kadi ya grafiki ataongeza mwezi ujao. Akachomeka HDMI nyuma ya mazabodi, skrini ikaandika “No Signal”. Tukabadilisha waya, tukabadilisha skrini, ikabaki vilevile. F maana yake prosesa haina grafiki ndani. Tundu la HDMI lipo kwenye mazabodi lakini hakuna cha kulipatia picha.

Kama huna kadi kwa sasa, chukua i3-12100 isiyo na F, au Ryzen 5 5600G, ambayo grafiki yake ya ndani ina nguvu zaidi. Ila 5600G ina kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 wakati 5600 ina MB 32, kwa hiyo siku kadi ikija, 5600 itakuwa mbele. Na kwa 5600G usiweke RAM moja ya GB 16. Weka mbili za GB 8, na kwenye mazabodi ya nafasi nne zichomeke ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Grafiki ya ndani inakula RAM hiyohiyo, na ikiwa moja tu, tofauti utaiona kwa macho.